Kikohozi cha wiki mbili kinahitaji hadubini, si dawa ya dukani

Tuseme unaishi Sinza na hii ni wiki ya tatu unakohoa. Wiki ya kwanza ulisema ni vumbi la barabarani. Ya pili ukasema ni mafua tu, yatapita. Ukaingia duka la dawa la jirani, ukanunua amoksilini, ukapata nafuu kidogo, kisha kikohozi kikarudi. Usiku unatokwa jasho, suruali imeanza kulegea kiunoni, na chumbani unalala na mtoto wa miaka miwili.

Ndugu msomaji, kama hali hiyo ni yako au ya mtu wa nyumbani kwako, makala ya leo inakuhusu. Nitakueleza adui anayeweza kuwa kifuani mwako ameumbwaje, na kwa nini anapaswa kutazamwa kwanza maabara kabla hujameza dawa nyingine.

Bakteria ameumbwaje?

Bakteria ni kiumbe hai chenye seli moja tu. Nje ana ukuta unaompa umbo na kumzuia asipasuke. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati kuna uteute wenye uzi wa vinasaba, pamoja na viwanda vidogo vya kutengenezea protini. Tofauti na seli zetu, vinasaba vyake havijafungiwa ndani ya kiini. Wapo bakteria wa duara, wenye umbo la fimbo na waliojipinda kama skrubu.

Kumbuka huo ukuta. Seli za binadamu hazina ukuta, ndiyo maana dawa kama amoksilini inaweza kuvuruga ukuta wa bakteria hadi akapasuka, bila kuzigusa seli zako. Virusi wa mafua hawana ukuta wala si seli, kwa hiyo antibiotiki haiwafanyi chochote.

Bakteria wa kifua kikuu (TB) ana ukuta wa aina yake. Umefunikwa na tabaka la mafuta mazito mithili ya nta, tena ana kimeng'enya kinachoharibu dawa za jamii ya amoksilini. Ukimeza dawa ya duka unaweza kutuliza maambukizi mengine madogo, lakini yeye anaendelea kuishi, na wewe unaendelea kukohoa mbele ya mtoto.

Anaonekanaje?

Chukua milimita moja ya rula, uigawe sehemu 1,000. Bakteria wa TB ana urefu wa sehemu 2 hadi 4 tu. Ndiyo maana inahitajika hadubini, ambayo wengi tunaiita darubini, inayokuza mara 1,000.

Kukuza peke yake hakutoshi, kwa sababu bakteria hana rangi. Mtaalamu wa maabara anapaka makohozi yako kwenye kioo, anayakausha, anamwagia rangi nyekundu na kuipasha moto ili ipenye ile nta. Kisha anaosha kwa tindikali na spiriti. Bakteria wengine huachia rangi, lakini wa TB huing'ang'ania. Mwisho anapaka rangi ya bluu. Akiweka jicho kwenye lenzi, anaona vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa bluu.

Daktari Robert Koch ndiye aliyetangaza kumwona bakteria huyu, Machi 24, 1882, mjini Berlin. Ndiyo asili ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Miaka 15 baadaye Koch alifika hapa Dar es Salaam kufanya utafiti wa malaria na magonjwa mengine. Na tangu Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, hadubini imekuwa nguzo yake. Uzoefu wa Tanzania ulisaidia kujenga utaratibu wa matibabu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliusambaza katika nchi nyingine.

Soma majibu yako

Kabla ya kuandika kuwa hakuna kitu, mtaalamu anatakiwa kukagua maeneo 100 ya kioo. Akikuta bakteria 1 hadi 9 tu, anaandika idadi yenyewe. Wakiwa 10 hadi 99, anaandika 1+. Alama za 2+ na 3+ maana yake ni wengi zaidi, na uwezo wako wa kuambukiza wengine ni mkubwa.

Jibu la "hakuna" halimaanishi kila mara kwamba huna TB. Ili hadubini iwaone, mililita moja ya makohozi inahitaji kuwa na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000. Kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, kinawanasa wakiwa wachache zaidi, tena kinaonyesha kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa sampuli ambazo hadubini ilizipitisha, na wamegundua wagonjwa waliokuwa wamekosekana.

Nawe una sehemu yako. Ukipewa kikopo, usiteme mate. Sukutua mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Fanya hivyo nje, mbali na watu. Kiasi cha kijiko kidogo cha chai kinatosha, na makohozi ya asubuhi ndiyo bora.

Vipi kuhusu mtoto?

Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi. Huyameza, na bakteria wake huwa wachache, hivyo hadubini mara nyingi haiwaoni. Daktari hutegemea historia ya nani anaumwa nyumbani, uzito usioongezeka, homa ya muda mrefu na picha ya X-ray. Kinyesi chake nacho kinaweza kupimwa kwa GeneXpert. Chanjo ya BCG aliyopewa alipozaliwa inamkinga zaidi na TB kali, kama ile ya utando wa ubongo, lakini haimkingi kabisa. Kwa hiyo mtu mzima wa nyumbani akikutwa na TB, mpeleke mtoto kituoni hata kama anacheza vizuri. Akionekana hana ugonjwa, anaweza kupewa dawa za kumkinga.

Kwa nini miezi sita?

Baadhi ya bakteria wa tumboni wanaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi wanapopata chakula cha kutosha. Wa TB huchukua karibu saa 20, na wengine hujilaza kimya. Dawa zinahitaji muda kuwafikia wote. Isoniazid na ethambutol hushambulia ujenzi wa ule ukuta, rifampicin huzuia vinasaba visisomwe. Baada ya wiki chache utajisikia umepona, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Waliobaki hai ndio wanaoweza kurudi wakiwa sugu. Ndiyo maana utaitwa tena kupimwa makohozi katikati ya matibabu. Hapo hadubini ina faida yake, kwani GeneXpert inaweza kuonyesha hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa.

Vipimo na dawa za TB katika vituo vya Serikali ni bure. Kama umekohoa wiki mbili au zaidi, usirudi dukani. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu, mwambie mhudumu wa mapokezi umekohoa siku ngapi, na omba kikopo.