Siku Moja Zaytun: Msikiti Usio na Paa



Ndugu msomaji, wengi wetu tunamjua Ibn Battuta kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ni wachache wanaomfuata hadi Uchina, alikotia nanga katikati ya miaka ya 1340 katika bandari aliyoiita Zaytun, akapokewa na kadhi na wafanyabiashara wa Kiislamu waliokuwa na mji wao huko. Bandari hiyo ndiyo Quanzhou ya leo, katika jimbo la Fujian. Mwezi wa Novemba 2023 nilikuwa Guangzhou pamoja na wafanyabiashara wawili wa Dar es Salaam. Walipomaliza kununua bidhaa zao tulipanda treni kwenda kuizuru, na huko tukakodi gari na kijana wa kutuongoza kwa siku moja. Alikuwa wa ukoo wa Ding.

Tulianzia Msikiti wa Qingjing. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa ukutani yanasema kuwa ulijengwa mwaka 400 Hijria, sawa na 1009 Miladia, na kwamba Ahmad bin Muhammad al-Qudsi wa Shiraz aliukarabati mwaka 710 Hijria. Lango lake la mawe lingali imara, tao ndani ya tao. Ukumbi wa swala, hata hivyo, hauna paa. Kuta zimesimama, aya zimebaki mihrabuni, na juu ni mbingu tupu. Jirani yake lipo hekalu la Guan Yu, na moshi wa ubani wake ulitufikia tulipokuwa tukisoma aya hizo.

Katika makumbusho ya bahari ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi, hata wenzangu wakaanza kutazama saa. Humo mna mawe mengi ya makaburi ya Waislamu, yameandikwa Kiarabu: huyu wa Isfahan, yule wa Tabriz. Baadhi yamechongwa ile hadithi inayompa daraja ya shahidi mtu aliyefia ugenini. Mengi ya mawe haya yalikutwa ndani ya ukuta wa mji ulipobomolewa, yametumiwa kama matofali. Mwalimu mmoja wa shule, Wu Wenliang, alianza kuyakusanya katika miaka ya 1920, na mwaka 1957 akayatolea kitabu.

Mawe ya makaburi yaliingiaje ukutani? Tusifiche: wanajeshi wa Kiajemi waliokuwa wakilinda mji waliasi mwaka 1357, wakapigana pia wao kwa wao, na uasi ulipozimwa mwaka 1366 Waislamu wengi waliuawa, wenye hatia na wasio na hatia. Waliosalia walikimbilia vijijini. Utawala wa Ming ulipoingia mwaka 1368 ukapiga marufuku majina na mavazi ya kigeni.

Adhuhuri tulikuwa kilima cha Lingshan, penye makaburi mawili ambayo wenyeji huyanasibisha na masahaba. Wanazuoni wa historia wana shaka, nami nina shaka pamoja nao. Hata pwani yetu tunajua jinsi kaburi la kale linavyopewa mwenyewe. Lakini jiwe la mwaka 1417 lililopo hapo halina utata: amiri wa bahari Zheng He, mtoto wa Kiislamu wa Yunnan, alizuru mahali hapa kabla ya kusafiri. Safari hiyo ndiyo inayotajwa kufika Malindi.

Alasiri kijana wetu akatupeleka Chendai, kwenye jumba la mababu wa ukoo wake. Akina Ding ni miongoni mwa wale waliokimbia mji. Wengi wao leo hawaswali wala hawafungi, na nyama ya nguruwe wanakula. Lakini siku ya kuwakumbuka mababu, akatueleza, nyama hiyo haiwekwi mbele yao.

Nikamuuliza sababu.

“Bibi yangu alisema wao hawakuwa wakila,” akajibu. “Hakujua kwa nini.”

Sikupata neno la kumwambia. Mmoja wa wenzangu, ambaye ana watoto wanne na asubuhi alikuwa akilalamikia ada ya madrasa, aliinamisha kichwa na hakusema kitu hadi tuliporudi mjini.

Magharibi tuliswali kando ya ule msikiti wa kale. Kijana alisema atatungojea nje. Nilipotoa salamu nilimwona ameketi karibu na mlango, viatu vyetu amevipanga vizuri pembeni. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya jiwe moja la makumbusho. Aliniomba nimsomee jina lililoandikwa, polepole, kisha akaniomba nirudie.