Jaketi la manyoya ya bata: Mali nyepesi, masharti mazito

WAFANYABIASHARA wa mitumba wa Moshi, Arusha na Nairobi wanalifahamu vyema jaketi hili. Ni lile lililovimba, lenye vyumba vilivyoshonwa kwa mistari, jepesi mkononi kuliko linavyoonekana. Mpanda mlima hulihitaji usiku wa kwenda kileleni, na dereva wa bodaboda hulivaa alfajiri ya Julai. Hata hivyo, wengi hulinunua na kuliuza bila kujua kilichomo ndani, na hapo ndipo mtaji unapopotea. Wiki hii tunaieleza bidhaa hiyo.

Jaketi lenyewe halitoi joto. Kazi yake ni kuzuia hewa iliyopashwa na mwili isitoroke. Vinyoya laini vinavyoota chini ya manyoya ya kifua cha bata au bata bukini hutanuka pande zote na kushika hewa nyingi kwa uzito mdogo. George Finch alivaa koti la namna hiyo, lililoshonwa kwa kitambaa cha maputo, katika msafara wa Mlima Everest wa mwaka 1922. Eddie Bauer, mfanyabiashara wa Seattle, Marekani, aliliingiza sokoni jaketi lake mwaka 1936 na kupata hataza mwaka 1940.

Ubora wa vinyoya hupimwa kwa namba, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye lebo au mkononi mwa jaketi: 550, 650, 800 na kadhalika. Namba hiyo ni idadi ya inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya vinyoya, yaani takriban gramu 28. Kwa vipimo vyetu, vinyoya vya 800 hujaza karibu lita 13, na vya 600 karibu lita 10. Ieleweke kwamba namba kubwa peke yake haimaanishi jaketi lina joto zaidi, kwa kuwa kiasi cha vinyoya vilivyotiwa ndani nacho kinahesabika. Jaketi jembamba la 800 linaweza kushindwa na nene la 600.

Kwa mteja anayetaka jaketi moja la mlimani na mjini, la unene wa kati lenye kofia ndilo huuzika kwa urahisi. Njombe, Makete, Mbeya au Limuru linatosha juu ya shati. Kwenye Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, huvaliwa juu ya sweta na chini ya koti la kuzuia upepo na mvua. Lile nene mno litakaa dukani likisubiri watalii.

Unapofungua robota, anza na lebo. Neno "down" kwa Kiingereza, "duvet" kwa Kifaransa au "Daunen" kwa Kijerumani lina maana ya vinyoya halisi. Ikiwa ujazo umeandikwa "polyester", hiyo ni nyuzi ya kiwandani. Lebo ikiwa imekatwa, tumia vidole: ndani ya vinyoya halisi husikika vijiti vidogo vya manyoya. Likunje, libane, kisha uliachie. Zuri huinuka lenyewe. Baada ya hapo liinue kwenye mwanga. Vyumba vitupu juu na mabonge chini ni dalili ya jaketi lililofuliwa vibaya. Harufu ya uvundo nayo ni onyo kwamba lilihifadhiwa likiwa bichi.

Adui mkubwa ni maji. Vinyoya vikilowa hushikana, hewa hutoka, na joto huondoka nayo. Jaketi la nyuzi za kiwandani ni zito zaidi, lakini huendelea kufaa hata likiwa na unyevu, na hukauka haraka. Kwa sababu hiyo muuzaji mwaminifu humweleza mteja anayepanda katika masika ya Machi hadi Mei kwamba jaketi la bata libaki kwenye mfuko usiopitisha maji hadi afike kambini. Mteja akitetemeka karibu na kilele, jina la duka ndilo litakalotajwa.

Upande wa hesabu, tuchukue mfano. Tuseme jaketi limenunuliwa kwa shilingi 60,000. Likiuzwa kwa 85,000, faida ni 25,000 na biashara imekwisha. Likikodishwa kwa 10,000 kila safari, na kulifua kukagharimu 2,000, linabakiza 8,000. Mtaji utarudi katika safari ya nane, na baada ya safari 20 faida itafikia 100,000. Lakini likiharibika baada ya safari tano, mwenye mali amepoteza 20,000. Tofauti ya hesabu hizo mbili iko kwenye beseni la kufulia. Tumia sabuni laini isiyoondoa mafuta ya asili ya vinyoya, suuza mara nyingi, usilikamue kwa kulisokota, na likaushe siku kadhaa huku ukiyavunja mabonge kwa mkono. Lihifadhi bila kulibana.

Aidha, mfanyabiashara aangalie sera za ushuru. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kusitisha uingizaji wa mitumba. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka huo kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.50, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo katika soko lake bila ushuru. Ushuru wa aina hiyo hutozwa kwa uzito. Kwa kiwango hicho, jaketi la gramu 400 hubeba dola moja, na koti zito la kilo 1.2 hubeba dola tatu. Mali nyepesi yenye bei nzuri huhimili ushuru wa kilo kuliko mali nzito.

Mwisho ni suala la wakati. Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huja kati ya Juni na Oktoba, na tena kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Baridi ya nyanda za juu nayo huuma zaidi Juni na Julai. Anayenunua Aprili, mvua ikinyesha na wateja wakiwa wachache, ana nafasi ya kuchagua, kufua na kukausha kabla ya msimu. Anayesubiri Juni atanunua kwa bei ya mwenzake aliyetangulia.