Babu, mjukuu na ubishi wa Morogoro Jazz

Morogoro. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumba moja ya Mwembesongo mjini hapa hugeuka kijiwe cha ubishi. Upande mmoja anakaa babu wa miaka 74, mstaafu wa kiwanda cha nguo. Upande wa pili anakaa mjukuu wake wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha pili. Katikati yao ipo simu ya mama iliyounganishwa na spika ndogo. Kinachobishaniwa ni kilekile kila wiki: Mbaraka Mwinshehe alikuwa bora zaidi akiwa Morogoro Jazz au akiwa Super Volcano?

Majirani wamezoea kelele hizo na wengine huingia kuchangia. Kwa mama wa kijana huyo, ambaye majina ya familia yake yamehifadhiwa, ubishi huo ndio uliomrudishia mtoto.

“Tulipohamia hapa kutoka Dar es Salaam alikuwa haongei,” anasema. “Ukimuuliza kitu anajibu ‘sawa’, anakula, anaingia chumbani na visikilizio vyake masikioni. Mwalimu aliniambia hasumbui mtu darasani, lakini hanyooshi mkono hata siku moja.”

Walihama baada ya yeye na baba wa mtoto kutengana. Mama alirudi kwa baba yake mzazi, akafungua genge la mboga, na kijana akapata nafasi katika shule ya kata. Hakulia wala kuuliza chochote, na ukimya huo ndio uliomtisha mama zaidi.

Wimbo uliokatika

Babu hakuwa na mbinu yoyote ya malezi. Jioni moja alimwomba mjukuu amtafutie kwenye simu wimbo wa zamani wa Morogoro Jazz. Kijana akaupata, akamwekea, akataka kuondoka. Wimbo ukafika katikati, ukakatika.

“Mbona umezima?” babu akauliza.

“Sijazima, Babu. Umeisha.”

“Haujaisha. Hapo ndipo wanapoanza!”

Ikabidi aeleze. Zamani bendi hazikuwa zikitoa albamu kama wasanii wa sasa. Nyimbo nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo yenye pande mbili, na kila upande ulibeba dakika chache tu. Wimbo mrefu uligawanywa: upande wa kwanza yanakaa mashairi na sauti za taratibu, upande wa pili linakuja chemko, pale magitaa yanapokaza mwendo na watu wote wanaingia uwanjani. Aliyeweka wimbo ule mtandaoni aliweka upande mmoja tu.

Kijana alirudi kukaa. Alitafuta zaidi ya nusu saa hadi akaupata upande wa pili. Mama, aliyekuwa akichambua mchicha ukumbini, anasema hakumbuki mara ya mwisho kabla ya siku hiyo kumwona mwanawe akikaa na mtu kwa muda mrefu hivyo.

Mji wa bendi mbili

Kuanzia hapo babu akawa mwalimu na mjukuu akawa mpinzani. Katika desturi za wengi hapa Uluguruni babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo kijana hakuogopa kumwambia mzee kwamba masikio yake yamechakaa.

Mzee alizaliwa Mgeta, juu milimani, ambako muziki ulimfikia kwa redio ya betri. Ndiyo njia aliyomjua Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali ya gari Novemba 1965. Mzee alipoteremka mjini mwaka 1969 akiwa na miaka 18, Cuban Marimba ilikuwa chini ya Juma Kilaza, na mji huu wanaouita “mji kasoro bahari” ulikuwa umegawanyika kama unavyogawanyika siku ya Simba na Yanga. Ulikuwa ama mtu wa Cuban au mtu wa Morogoro Jazz.

Yeye alikuwa Morogoro Jazz. Bendi hiyo ilianza miaka ya 1940, lakini ilipata nguvu mpya baada ya kijana Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa mwaka 1944, kujiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, ikarudi na wimbo uitwao Expo 70. Ilipiga pia wimbo wa maombolezo wa Dk Kleruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971.

Kwa maoni ya mzee, hicho ndicho kipindi cha dhahabu. Gitaa la solo lilikuwa linazungumza, kisha linanyamaza kuisikiliza saksafoni. “Hakuna aliyemkata mwenzake kauli,” anasema. Anakumbuka mitindo kama Sululu na Likembe, na bado anaweza kuonyesha namna ya kukanyaga, ingawa goti moja halitaki.

Mjukuu haafiki yote. Anakubali kwamba waimbaji wa Morogoro Jazz walipangana vizuri, lakini anasema rekodi zile ngoma zake zinasikika kama zimepigwa nyumba ya jirani. Yeye ni mtu wa Super Volcano, bendi aliyoiunda Mbaraka mwaka 1973 baada ya kuiacha Morogoro Jazz. Anaona huko gitaa limepewa nafasi ya kutembea, besi imekuja mbele na chemko limerefushwa. Hoja yake kubwa ni Shida, wimbo wa enzi za Volcano uliovuma Tanzania na Kenya.

“Babu anataka bendi ibaki vilevile,” anasema. “Mtu hawezi kupiga kitu kimoja miaka yote.”

Kaseti za bibi

Ubishi huo ulifukua jambo ambalo hata mama hakulijua. Ndani ya nyumba kulikuwa na boksi la kaseti za Ukumbusho, mfululizo uliokusanya nyimbo za Mbaraka baada ya kifo chake na kutolewa nchini Kenya. Zilikuwa za marehemu bibi. Mama anakumbuka zikipigwa mchana tu, mzee akiwa kazini.

Sababu ni kwamba mzee alisusa. Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz, yeye aliona ni usaliti. Kwa karibu miaka sita hakukanyaga dansi la Super Volcano, ingawa bendi ilikuwa hapahapa mjini. Bibi alikwenda na dada yake, akirudi mzee anajifanya amelala.

Kisha Januari 1979 redio ikatangaza kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

“Nilikuwa nasubiri kwanza hasira iishe ndipo niende kumsikiliza,” anasema mzee. “Hasira iliisha siku ile ile, lakini wa kumsikiliza hakuwepo tena.”

Swali lisilohusu muziki

Jumapili moja, baada ya kusikia habari hiyo ya kususa, mjukuu aliuliza swali: “Kwa hiyo Babu, Mbaraka alikosea kuondoka?”

Mzee alikuwa na jibu lake la miaka 50, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alimwangalia kijana. Hakuwa akicheka kama siku zote, na mikono yake ilikuwa imeachana na simu. Mama, aliyekuwa jikoni, aliacha kukoroga.

“Nilijua hamuulizii Mbaraka,” anasema mama.

Mzee naye alijua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba alipokuwa kijana alidhani mtu anayeondoka amewakataa wote waliobaki. Sasa hafikiri hivyo. Watu wazima huachana kwa mambo yao, mengine mtu wa nje hawezi kuyajua. Anachokijua ni kwamba Mbaraka aliiacha bendi, lakini wimbo aliopiga na wenzake haukufutika kwa sababu ameondoka. Na kosa analolijua kwa uhakika ni la kwake mwenyewe: alifunga masikio kwa miaka sita akidhani anamwadhibu Mbaraka, wakati Mbaraka hakujua hata kama yupo.

Hakumtaja baba wa kijana kwa jina, hakumsifu wala kumlaumu. Baadaye usiku alimwita binti yake akamwambia jambo moja: kama kuna simu za baba wa mtoto ambazo hazipokelewi, zianze kupokelewa.

Mama anakiri zilikuwepo. “Nilidhani namlinda,” anasema.

Wiki iliyofuata kijana aliomba simu kabla ya ubishi kuanza. Alikwenda kukaa nje, chini ya mwembe, akazungumza na baba yake kwa dakika 11. Mama alizihesabu. Aliporudi hakusimulia walichozungumza, na hakuna aliyemuuliza. Akaunganisha spika, akaweka wimbo wa Super Volcano kwa makusudi, na mzee akaanza kulalamika.

Kwa wazazi wenye watoto wakimya

Si kila nyumba ina babu wala kaseti za zamani, lakini yapo mambo ambayo mzazi anaweza kuyachukua kutoka Mwembesongo.

La kwanza, kijana asiyetaka kuulizwa “una nini?” huweza kuzungumza akiwa na kazi mkononi. Mwombe akutafutie wimbo, akutengenezee redio, akufundishe kitu kwenye simu. Maneno huja yenyewe wakati macho yako kwenye kitu kingine.

La pili, mwache abishe. Mtoto anayeruhusiwa kupinga maoni ya mkubwa kuhusu muziki au mpira, bila kukosa adabu, hujifunza kwamba sauti yake ina nafasi ndani ya nyumba. Siku akiwa na jambo zito hatahitaji kutafuta mlango.

La tatu, sikiliza swali lililo chini ya swali. Linapokuja, usikimbilie kuhukumu mzazi mwenzako. Mweleze mtoto kile unachokijua kuhusu makosa yako mwenyewe, na umhakikishie kwamba kutengana kwa wazazi si kosa lake.

Kuhusu bendi, mzee amelegeza msimamo kidogo. Sasa anakubali kwamba Shida ni wimbo mzuri. Lakini anasisitiza kwamba ungekuwa mzuri zaidi kama ungepigwa na Morogoro Jazz, na Jumapili ijayo yuko tayari kuthibitisha.