Ulinzi wa Waifai ya Nyumbani

Mawimbi ya redio yanayorushwa na ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti kwa simu na kompyuta za nyumbani, hayakomei ukutani, na kwa hiyo aliye barabarani anaweza kuyanasa bila kugusa waya wowote. Kinga yake ni usimbaji, ambao hugeuza data kuwa msimbo usiosomeka na asiye na ufunguo. Mfumo wa kwanza, WEP, ulitoka mwaka 1997, lakini kufikia 2001 udhaifu wake ulikuwa umeanikwa, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo wake hupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Mwenye ruta inayokubali WPA3, mfumo wa mwaka 2018, achague huo. Asipoukuta, WPA2 bado inafaa.

Hata hivyo, nguvu ya WPA2 iko katika nenosiri. Simu inapojiunga, hubadilishana na ruta jumbe nne za kuthibitishana ambamo nenosiri lenyewe halitajwi, lakini anayezinasa jumbe hizo huweza kwenda nazo kwake na kuiachia kompyuta kazi ya kukisia maneno kwa mamilioni, huku ruta ikiwa haina habari. Ndiyo maana namba ya simu, ambayo wengi huipenda kwa kuwa haisahauliki, ni nenosiri baya mno: nchini Tanzania huanza kwa 06 au 07, zikabaki tarakimu nane tu za kubahatisha, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro huzimaliza upesi. WPA2 hupokea herufi 8 hadi 63, hivyo maneno matano au sita yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni kinga imara zaidi na hayasumbui kukumbuka.

Mabadiliko hayo hufanywa kwa kuandika katika kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Humo pia hubadilishwa nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio, ambalo si lile la waifai na ambalo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani.

Jambo linalosahaulika zaidi ni WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa namba ya tarakimu nane. Mwaka 2011 mtafiti wa usalama wa kompyuta, Stefan Viehböck, alibainisha kuwa ruta huikagua namba hiyo kwa nusu mbili, na kwa kuwa tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, majaribio 11,000 yanatosha mahali palipodhaniwa kuhitaji milioni 100. Nenosiri liwe refu kiasi gani, WPS ya namba ikiachwa wazi huweza kulitoa lote, hivyo ni heri izimwe kabisa. Kuficha jina la mtandao, kwa upande mwingine, hakusaidii kitu, kwani vifaa vyenyewe hulitaja vinapojiunga.