Bunduki Kuukuu na Weusi Wake

Wengi hudhani mtutu wa bunduki umepakwa rangi. Haukupakwa. Weusi ule unaoelekea kwenye samawati ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni, yaani ni kutu ya aina yake. Kutu nyekundu tunayoiona kwenye mabati hulegea na kubanduka, na chuma kilicho chini yake kikaendelea kuliwa. Kutu nyeusi, ambayo wanakemia huiita magnetaiti, hushikamana na chuma na kuyashika mafuta yanayopakwa juu yake. Fundi wa bunduki kuukuu hufanya kazi ya kuigeuza ya kwanza iwe ya pili.

Njia ya zamani ni ya polepole, na bado ndiyo bora. Kwanza bunduki ihakikishwe haina risasi. Gobore ndilo la kuchungwa zaidi, maana limewahi kukaa ukutani miaka mingi na baruti yake ndani: pitisha ufito mdomoni mwa mtutu, kisha upime nje umeishia wapi. Ukikomea mbali kabla ya kitako cha mtutu, kuna kitu ndani, na hapo kazi isimame mpaka mtaalamu aje.

Chuma husafishwa mpaka kisiwe na mafuta hata ya alama ya kidole, kikapakwa dawa yenye asidi kidogo, kikaachwa mahali penye joto na unyevu kwa saa kadhaa. Kutu nyekundu laini kama unga huota juu yake. Mtutu ukitiwa kwenye maji safi yanayochemka, wekundu ule hugeuka weusi ndani ya dakika chache. Weusi uliolegea husuguliwa taratibu kwa stilwaya laini isiyo na mafuta, kisha dawa hupakwa tena. Mzunguko huo hurudiwa mara tano, nane, hata kumi, na kila mara weusi huzidi kukolea. Fundi wa Dodoma wakati wa kiangazi itambidi atengeneze sanduku la mvuke. Wa Mombasa husaidiwa na hewa yenyewe, ingawa hewa hiyohiyo, kwa chumvi yake, huenda ndiyo iliyoiharibu bunduki.

Viwanda havina subira hiyo. Vilianza kutumia maji ya kostiki soda na chumvi za naitreti, yanayochemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, na kazi ikaisha chini ya saa moja. Kwa bunduki ya kisasa sina ugomvi nayo. Ila bunduki kuukuu ya mitutu miwili isiguswe na maji hayo, kwa sababu mitutu yake mara nyingi imeunganishwa kwa lehemu, na kostiki huila lehemu. Kuna pia dawa ya chupa inayopakwa baridi. Inafaa kuficha mkwaruzo, basi.

Hata hivyo, bunduki nyingi haziharibiwi na dawa. Huharibiwa na msasa. Mtu hutaka kwanza chuma king'ae, anawasha mashine ya kung'arishia, na kabla hajajua kingo zimekuwa mviringo, matundu ya skrubu yamepanuka kama visahani, na maandishi ya kiwandani yamefifia. Namba ikififia ni balaa jingine, kwa kuwa namba hiyo ndiyo iliyo kwenye leseni, na polisi hawatasikiliza habari za urembo. Mkono, kibao kilichonyooka na msasa laini ndivyo vinavyotakiwa, na uvivu kidogo si dhambi hapa.

Kisha kuna swali la kama kazi yenyewe ifanywe. Mauser ya Wajerumani ya mwaka 1898, ile ya jeshi, ilitoka kiwandani mtutu ukiwa mweusi lakini sehemu ya kupakilia risasi ikiwa chuma cheupe. Fundi akiipaka yote weusi, ataipa sura ambayo haikuwa nayo hata siku ilipotengenezwa. Wakusanyaji hulitambua hilo upesi, na bei hushuka.

Na zipo bunduki ambazo kutu yake ni habari. Vita vilipoanza 1914, askari wengi wa Wajerumani Afrika Mashariki bado walibeba Mauser ya 1871, ambayo baruti yake ilitoa moshi mzito na kuwaonyesha adui walipo. Aprili 1915 meli Rubens ikaja na shehena ya silaha, Waingereza wakaishambulia, ikazama kwenye maji mafupi ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Sehemu kubwa ya shehena iliopolewa baharini na kukaushwa. Bunduki iliyopita katika mambo kama hayo, mimi singeichemsha. Ningetoa kutu nyekundu inayoendelea kula chuma, kwa mafuta mepesi na stilwaya laini kabisa, nikauacha weusi wa zamani ulioshika, pamoja na mashimo yake. Bunduki ya mwindaji iliyochakaa kwa mvua na jasho, yenye leseni na bado inatumika, hiyo ndiyo iingie kwenye maji ya moto.