Mteremko Unapoporomoka: Ushauri kwa Wakazi wa Newala na Masasi

Kwa vizazi vingi wakazi wa Uwanda wa Juu wa Makonde wameishi juu ya udongo wa kichanga usiohifadhi maji, wakilazimika kushuka miteremko mikali kuyafuata bondeni. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda huo, ikitazama Bonde la Ruvuma. Masasi iko magharibi yake, miongoni mwa vilima vya mawe. Mvua zinapofululiza kati ya Desemba na Aprili, udongo ulioshiba maji huwa mzito, na mteremko huweza kuachia.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufikia mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki dunia. Hanang iko mbali na kusini, lakini funzo lake linatuhusu.

Ukiona nyufa mpya ardhini, miti inayoanza kuinama, mlango unaokwama ghafla au chemchemi iliyogeuka tope, ihamishe familia mapema, hata ikiwa ni usiku. Ukisikia mngurumo, usikimbie kufuata bonde. Kimbilia kando, mahali palipoinuka. Piga simu 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji. Usirudi kuchukua mali, kwani mporomoko wa pili huweza kufuata.

Majeruhi anayetuhadaa zaidi ni yule aliyebanwa mguu kwa saa kadhaa, kisha akaokolewa akiwa anazungumza. Misuli iliyopondeka humwaga potasiamu na sumu katika damu. Moyo huweza kusimama, na figo kushindwa kazi. Inapowezekana, mhudumu wa afya amwanzishie dripu kabla mzigo haujaondolewa. Lakini kifua kikibanwa, uondoeni mara moja. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili ya hatari: awahishwe hospitalini.

Majeraha yenye tope yaoshwe kwa maji safi mengi, na mgonjwa apate chanjo ya pepopunda. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, maana vyoo vilivyobomoka hueneza kipindupindu.

Hofu na kukosa usingizi katika siku za mwanzo si udhaifu. Visipopungua baada ya mwezi mmoja, tafuteni msaada wa kitabibu, kwa watoto pia.

Kabla mvua hazijaanza, kila kaya ikubaliane mahali pa kukimbilia, na nani atamshika mkono bibi.