Usingizi ni Sehemu ya Somo

Mitihani ya kidato cha nne inapokaribia, mwanafunzi wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, huwa tayari kukesha na daftari lake hadi alfajiri. Alalaye mapema huhesabiwa mvivu. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Swali hili lilianza kupimwa kisayansi zamani. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi 10 zisizo na maana wazikariri. Waliposhinda macho kwa muda wa saa 8, walikumbuka takriban silabi moja tu. Walipolala kwa muda huohuo, walikumbuka zaidi ya nusu. Wachunguzi hao walidhani kwamba usingizi huilinda tu kumbukumbu isivurugwe na shughuli za mchana, mfano wa nafaka iliyofungiwa ghalani.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ghalani humo mna kazi. Mwaka 1994, Wilson na McNaughton walipima umeme wa seli za ubongo wa panya, katika sehemu iitwayo hipokampasi. Panya alipopita mahali fulani, seli fulani zilisisimka. Alipolala usingizi mzito, seli zilizosisimka pamoja njiani zilisisimka tena pamoja, kana kwamba anaipita njia ileile upya. Wanasayansi wanaona kwamba marudio ya namna hiyo hukaza viungo baina ya seli, na polepole kumbukumbu hukabidhiwa tabaka la juu la ubongo, ambako hudumu.

Basi, akeshaye hupata hasara mbili: aliyoyasoma hayapati wasaa wa kukazwa, na kesho yake ubongo uliochoka haushiki mapya vizuri. Hata hivyo, usingizi haumfundishi mtu asilolisoma. Aliyelala bila kusoma hana cha kukaza.

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa jaribio. Awape wanafunzi orodha mbili zenye ugumu sawa: ya kwanza waikariri asubuhi na kupimwa jioni, ya pili waikariri kabla ya kulala na kupimwa waamkapo. Muda baina ya kukariri na kupimwa uwe sawa kwa orodha zote mbili. Matokeo yaandikwe ubaoni, kisha darasa lenyewe liamue kama alalaye mapema ni mvivu.